Nilizania

Miaka kumi na minne naandika maneno ya watu
katika mahakama ya amani, hapa Goma,
kwenye meza yenye mguu mmoja mfupi
uliotegemezwa kwa jiwe jeusi la mlima.
Kalamu nyingi zimeniishia mkononi,
na neno lililokula wino kuliko yote ni hili:
nilizania.

Wenye kamusi huandika dh. Mimi naandika z,
kwani ndivyo linavyotoka Majengo, ndivyo linavyotoka Ndosho,
na shahidi hasahihishwi ulimi.

Paluku, mwenye chukudu, magunia sita ya viazi, mteremko:
«Nilizania mpira itashika.»
Habamungu, aliyeuza kiwanja cha watu mara mbili:
«Nilizania ni ya baba.»
Hakimu alicheka. Mimi niliandika.

Mama Nsimire hakuchekwa.
Aliwakuta mbuzi wake watatu wamelala shimoni, asubuhi,
bila jeraha, midomo ina majani bado,
akamzania Ndoole, mtoto wa jirani, sumu.
Kijana akalala korokoroni siku nne.
Kumbe ni mazuku, ile hewa isiyo na rangi
inayotulia chini, kwenye mabonde ya mawe,
na kuzifikia kwanza pua zilizo karibu na ardhi.
Ona mkia wa neno, hiyo -ia:
huwezi kuzania peke yako,
lazima kuwe na mtu wa kubebeshwa.

Nimelichunguza sana, mchana ambao kesi hazipo.
Anayesema nazani ameacha mlango wazi kidogo,
msukume, atakupisha.
Anayesema nilizania, mlango umekwisha mbana kidole.
Lakini kati ya milango hiyo
sijawahi kumwandika mtu aliyesimama akasema:
sasa hivi, mbele yenu, naamini, na nimekosea.
Kwa mwingine ni rahisi, anazania yule,
na jicho linapinduka upande.
Kwangu mimi, leo, neno linagoma
kama chukudu ya saruji mbele ya kilima.
Linangoja kesho.
Linangoja kumbe aje alisukume.

Basi nikajiuliza: likiwa bado hai,
kabla ya kumbe, kosa huitwaje?

Jibu nilikuwa nalo. Nililisema mwenyewe
jioni ile, sahani ya sambaza mkononi,
mke wangu Kahindo dirishani:
«Ile kitu inawaka vile, ni nini?»
Sikusema nazani.
Nilisema: «Ni ule mwanga wa kila usiku.»
Nikatema mwiba. Nikamwambia mtoto alale.

Ni.
Herufi mbili, hazina mkia, hazina aibu,
hazimwachi mtu mlango.
Hivyo ndivyo kosa linavyovaa likiwa nyumbani kwake.

Kisha Masika akapita njiani na godoro kichwani,
hakusimama, alisema tu, «Moto imefika Buhene,»
nasi tukaingia katika ule mto wa watu kwenda Sake,
mtoto mgongoni mwangu, mguu mmoja hauna kiatu.

Nyumba tuliikuta. Cherehani ya Kahindo
aliyoiazima dada yake, upande ule, hatukuiona tena;
iko chini, ndani ya jiwe, na uzi wake.
Hajanilaumu hata siku moja.
Ningependa anilaumu, niandike.

Nilijaribu kutoa ushahidi wangu, usiku, taa imezimwa:
«Nilizania...»
Akaniwekea mkono mdomoni.

Siku hizi anga likiwa jekundu bado huniuliza,
nami huchukua muda, kama shahidi asiyeaminika.
«Nazani,» namwambia, «ni ule wa kila usiku.»
Naye hujibu, sawa,
akaenda kuvigeuza viatu vya mtoto,
ncha zielekee barabarani.